Mkataba wa muhula tu: umepunjwa saa, au mwaka ndio umepunguzwa?

"Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa miaka 6 na 9, naishi Leicester. Nafanya kazi nyumba ya wazee, siku nne kwa wiki, saa 9 kila siku, kwa pauni 12.60 kwa saa. Mume wangu yuko ghalani mchana kutwa, kwa hiyo siku zangu za kazi watoto wanaingia klabu ya asubuhi na ya jioni, na likizo zikija ndiyo balaa. Mwaka jana nilijumlisha klabu zote, zikafika pauni 6,300. Shule wanayosoma wanangu ilitangaza nafasi ya mwalimu msaidizi, saa 25 kwa wiki, saa tatu kasoro robo asubuhi hadi saa nane na robo mchana. Tangazo lilisema pauni 24,796 kwa mwaka. Nikaomba, nikapata. Sasa barua imekuja inasema pauni 14,044, wiki 43.71, ngazi ya 3. Nimejiona nimechezewa shere. Shoga yangu mmoja anasema shule zinatunyonya akina mama kwa kuwa wanajua tumebanwa na watoto. Mwingine anasema nishukuru, Agosti nzima nitalipwa nimekaa nyumbani. Nani mkweli? Hatupokei msaada wa serikali zaidi ya posho ya watoto. Niache kazi ya wazee?"

Dada yangu, salama. Kabla ya yote, asante kwa kuandika tarakimu zote. Watu wengi huniletea hasira bila barua, na hasira haipigiwi hesabu. Barua hujakosea kuisoma. Kutangaziwa 24 elfu ukaandikiwa 14 ni jambo la kumshtua yeyote, na tangazo la namna hiyo mimi silipendi hata kidogo. Lakini mashoga zako wote wawili wamekosea, kila mmoja upande wake.

Tuifungue barua. Pauni 24,796 ni mshahara wa mtu wa ngazi ya 3 anayefanya kazi saa 37 kwa wiki, mwaka mzima, kwa viwango vya 2025/26 vya NJC, baraza linalokubaliana mishahara ya watumishi wa serikali za mitaa. Wewe utafanya saa 25, si 37. Kata ya kwanza ni hiyo: 24,796 mara 25 gawanya kwa 37, unapata 16,754. Kata ya pili ni ya wiki. Mwaka una wiki 52.143, yaani siku 365 gawanya kwa 7. Shule inakuhitaji wiki 39: siku 190 za masomo na siku 5 za mafunzo ya wafanyakazi. Juu ya hizo 39 inaongeza wiki za likizo yako yenye malipo, na wao wameandika 4.71. Jumla 43.71. Chukua 16,754 mara 43.71 gawanya kwa 52.143, utaiona 14,044 ya barua yako, kisha igawe kwa miezi 12: pauni 1,170 kila mwezi kabla ya makato.

Sasa rudi kwenye saa moja. Mtu wa saa 37 ngazi ya 3 analipwa pauni 12.85 kwa saa. Wewe pia 12.85. Kwa saa hujapunjwa, tena umezidi kidogo hiyo 12.60 ya nyumba ya wazee. Sheria haiwaachii hapo nafasi ya kucheza: tangu Julai 2000 Uingereza ina kanuni zinazomkataza mwajiri kumlipa mfanyakazi wa muda mfupi kiwango cha chini kwa sababu tu saa zake ni chache. Kilichopunguzwa kwako ni mwaka. Kati ya wiki 52, unauza 39, unalipwa likizo ya wiki chache, na zilizobaki, zaidi ya nane, hazina mshahara kabisa.

Hapo ndipo shoga wa pili anapopotea. Agosti hulipwi bure. Mshahara wa Agosti ni kibubu. Kila wiki unayofanya kazi kuanzia Septemba, sehemu ya jasho lako inatiwa humo, na Agosti kibubu kinavunjwa unapewa chako. Shule imekusaidia kutunza tu, ili usikae mwezi mzima bila senti. Nasisitiza hili kwa sababu lina matokeo. Ukiacha kazi katikati ya mwaka, kibubu kinaweza kuwa na pesa zako. Mfano, ukianza Septemba ukaondoka mwisho wa Desemba, utakuwa umeshafanya kama wiki 15 kati ya 39, sawa na 38%, huku umelipwa miezi minne kati ya 12, sawa na 33%. Hiyo tofauti ni yako. Siku ya kuondoka dai hesabu ya kufunga kwa maandishi. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi za mishahara ya shule, na nimeona kina mama wakiondoka kwa kukumbatiana na kupewa maua, hakuna aliyewafungulia kibubu.

Ila kwenye barua yako kuna namba moja imenifanya nivae miwani: ile 4.71.

Imetoka wapi? Mfanyakazi yeyote Uingereza ana haki ya wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Ukitoa 5.6 kwenye 52 unabaki na 46.4, na 5.6 ukiigawa kwa 46.4 unapata 12.07%. Ofisi imechukua 12.07% ya wiki 39, ikapata 4.71. Njia hiyo ina historia ya mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mwalimu wa muziki wa shule moja ya Bedford, aliyekuwa akifundisha wakati wa muhula tu, na ikasema likizo yake haiwezi kukatwa kwa sababu hafanyi kazi mwaka mzima, anastahili 5.6 kamili. Waajiri walilalamika, serikali ikabadili kanuni. Kwa miaka ya likizo iliyoanza 1 Aprili 2024 au baadaye, 12.07% imerudi kwa "mfanyakazi wa sehemu ya mwaka".

Lakini soma kanuni inamwita nani hivyo. Ni yule ambaye ndani ya mkataba wake kuna wiki nzima au zaidi asizotakiwa kazini na asizolipwa. Wewe utalipwa kila mwezi, kiasi kilekile, miezi 12. Mwongozo wa serikali unaelekeza kwamba mtu anayelipwa mafungu sawa mwaka mzima namna hiyo haingii kwenye kundi hilo, kwa kuwa hana wiki isiyo na malipo. Kama mkataba wako umeandikwa hivyo, una hoja nzito ya kudai 5.6, na wiki zako ziwe 44.6. Tena shule ikiwa inafuata makubaliano ya NJC, likizo ya mkataba huwa inazidi ile ya sheria, na hesabu ikifanywa kwa njia hiyo pia inafika 44 na ushee. Ukiweka 44.6 badala ya 43.71, mshahara unakuwa pauni 14,330. Tofauti ni pauni 286 kwa mwaka, kila mwaka utakaokaa. Kwa mtu wa 14 elfu si hela ya kuachia.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini andikia ofisi, kwa adabu, uulize mambo mawili: wiki 43.71 zimepatikanaje, na je, wao ni shule inayofuata masharti ya NJC au ni akademia, yaani shule ya serikali inayojiendesha nje ya serikali ya mtaa, yenye masharti yake? Akademia ina uhuru wa kuandika mkataba wake, ingawa haiwezi kushuka chini ya sheria. Usiogope kwamba kuuliza kutakunyima kazi. Makarani wengi wa shule wanapokea namba kutoka kwenye programu ya mishahara na hawajawahi kuulizwa zimetoka wapi. Akiulizwa vizuri, karani mzuri huenda akaangalia na za wenzako.

Tuje nyumbani kwako sasa, maana swali lako hasa ni kuacha au kutoacha. Nyumba ya wazee unapata kama pauni 23,587 kwa mwaka. Toa kodi, toa bima ya taifa, toa pensheni ya kawaida ya kazini: mkononi karibu 19,800. Toa klabu za watoto 6,300, unabaki na 13,500. Shuleni, kwa ile 14,330, baada ya kodi, bima na pensheni unabaki na kama 13,200, na klabu huhitaji tena, maana unatoka saa nane na robo na wanao wanatoka saa moja baadaye, jengo lilelile. Kazi ya wazee inaizidi shule kwa pauni 300 tu kwa mwaka. Ukiona hivyo unaweza kusema shule imeshinda hata kabla ya kuanza.

Subiri kidogo, kuna jambo hujalitaja na linabadili picha. Je, mmefungua akaunti ya serikali ya malezi ya watoto, ile ya kila unapoweka pauni 8 serikali inaongeza 2? Hiyo si ya wanaopokea misaada. Ni ya wazazi wanaofanya kazi, kila mmoja akipata angalau mshahara wa saa 16 za kima cha chini kwa wiki, na inafika hadi pauni 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Klabu zako zikiwa zimesajiliwa, kwenye 6,300 serikali ingelipa 1,260. Nauliza kwa sababu nimekutana na familia zetu nyingi zilizolipa klabu taslimu miaka nenda rudi bila kujua. Ukiwa nayo, kazi ya wazee inakuachia 14,760, na inaizidi shule kwa pauni 1,550 hivi.

Sasa weka saa pembeni ya hizo pesa. Nyumba ya wazee unafanya, ukiondoa likizo, kama saa 1,670 kwa mwaka. Shuleni ni saa 975. Saa karibu 700 za ziada, za kunyanyua watu na kusimama, zinakuletea pauni 1,550: pauni mbili na robo kwa saa. Hapo siwezi kukuamulia. Kuna nyumba ambayo 1,550 ndiyo kodi ya pango ya miezi miwili na haina mjadala. Kuna nyumba ambayo mama akipata saa 700 na wanawe, akalala, akasoma, ni neema. Wewe na mume wako mnaijua yenu.

Ongeza jambo moja upande wa shule ambalo halionekani kwenye hati ya mshahara isipokuwa kama kato: pensheni ya serikali za mitaa. Utakatwa 5.5%, kwako kama pauni 65 kwa mwezi, na wengi wetu tukiiona tunakimbilia fomu ya kujitoa. Usijitoe. Kila mwaka unaofanya kazi unajenga pensheni ya mshahara wako gawanya kwa 49. Kwa 14,330 ni pauni 292 kwa mwaka, za maisha yako yote ya uzeeni, na zinapandishwa kufuata bei za bidhaa. Miaka kumi ni karibu 2,900 kila mwaka mpaka unaingia kaburini. Ukifariki ukiwa kazini, familia inapata mara tatu ya mshahara wako wa mwaka. Sehemu kubwa ya gharama hiyo anaibeba mwajiri. Pensheni ya kawaida uliyo nayo sasa haikaribii hapo. Kama mwezi umebana sana, kuna mlango wa kulipa nusu na kujenga nusu kwa muda. Uombe huo badala ya kujitoa.

Na shoga yako wa kwanza, yule wa "wanatunyonya akina mama", nisimwache hivi hivi, kwa sababu ndani ya maneno yake kuna ukweli ambao hesabu ya saa haiuoni. Kazi hizi zimejaa wanawake, na zimewekwa ngazi za chini kwa muda mrefu kana kwamba kukaa na mtoto wa watu ni kipaji cha kuzaliwa nacho kisicho na bei. Mwaka 2016 baraza la Durham, kaskazini mwa Uingereza, liliamua kuwahamisha walimu wasaidizi wake kutoka mishahara ya mwaka mzima kwenda mikataba ya muhula. Baadhi yao wangepoteza hadi 23%. Baraza lilisema linaogopa madai ya malipo sawa kutoka kwa watumishi wengine wanaolipwa wiki wanazofanya tu. Novemba mwaka ule wanawake wale waligoma, wakasimama malangoni kwenye baridi, na 2017 likapatikana suluhu ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa kuzipima upya kazi zao na kuzipandisha daraja. Mkataba wa muhula ulibaki. Walichopata ni ngazi.

Kwa hiyo nakushauri uombe maelezo ya kazi yako na uyasome kwa kalamu mkononi. Ngazi ya 3 ni ya mtu anayesaidia darasani chini ya jicho la mwalimu: kutayarisha vifaa, kusikiliza watoto wakisoma, kuwasindikiza uwanjani. Wakikuandikia kumshika mtoto mmoja mwenye usonji siku nzima, au kumbadilisha nepi mtoto mwenye ulemavu, au kubaki na darasa peke yako mwalimu asipokuwepo, hiyo si ngazi ya 3, na unaruhusiwa kusema hivyo. Na kama wanakutaka kwa Kiswahili chako, ukae na mtoto aliyefika mwezi uliopita kutoka Kigoma au Goma asiyejua neno la Kiingereza, hilo nalo ni ujuzi. Waliandike.

Halafu zile dakika. Mkataba unasema saa tatu kasoro robo, lakini utaambiwa "ukiwahi dakika kumi uwe getini itatusaidia sana". Dakika 10 kwa siku 195 ni saa 32 na nusu, pauni 417 kwa kiwango chako. Peke yake inakula yote uliyopigania kwenye wiki za likizo. Dakika za hapa na pale mtu anatoa kwa moyo, na shule bila moyo haiendi, lakini kinachotakiwa kila siku kiingie kwenye mkataba.

Kitu cha mwisho kinachonipa wasiwasi kwa ajili yako ni umri wa hesabu hii. Leo wanao wana 6 na 9, klabu ni 6,300. Baada ya miaka mitano mkubwa hataki klabu na mdogo anaijua njia ya nyumbani. Siku hiyo klabu inakuwa sifuri, na kazi ya mwaka mzima inarudi kukuzidi kwa maelfu, wakati wewe umeshazoea likizo ndefu na mtu mwingine ameshakuwa msimamizi kule ulikotoka. Ukienda shuleni, nenda na mpango: mafunzo ya ngazi ya juu ya ualimu msaidizi, au kuongeza saa, au ukarani wa shule ambao mara nyingine ni wa mwaka mzima. Na ukiamua kubaki, fungua ile akaunti wiki hii, kisha muulize meneja wako kubadilishiwa siku; tangu Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba mpangilio mwingine wa saa tangu siku ya kwanza kazini, na mara mbili kwa mwaka. Anaweza kukataa, lakini lazima akupe sababu inayotambuliwa na sheria.

Kwa msomaji mwingine anayepokea Universal Credit, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo: usinakili hesabu hii. Kwako mshahara ukishuka ruzuku inapanda, na gharama za klabu zinarudishwa hadi 85%, hivyo ulinganisho wote unageuka. Nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wakupigie hesabu kwa tarakimu na tarehe zako. Na mwenye viza yenye masharti aone kwanza wakili wa uhamiaji, asije akabadili kazi isiyoruhusiwa na viza yake.

Wewe dada, jiunge na chama cha wafanyakazi siku unayoanza. Shuleni utakuta UNISON, GMB au Unite, na mwakilishi wao atazijua barua za shule hiyo kuliko mimi. Ofisi ikikataa kueleza 43.71, mpelekee yeye mkataba mzima, siyo barua peke yake. Ikifika kwenye pesa ulizokatwa kweli, Acas, shirika la kusuluhisha migogoro ya kazi, ndiyo hatua ya kwanza kabla ya baraza la kazi, yaani mahakama ya kazi, na usivuke miezi mitatu kasoro siku moja tangu kato la mwisho. Nadhani hujatia saini bado. Tuma yale maswali mawili kesho asubuhi, na jibu likija niandikie walichoandika, neno kwa neno, tuipige upya.